Mpaka Uliosafiri na Maji

Naomba mtu anieleze, tena polepole maana nina hasira: ni wapi duniani mafuriko yanang'oa mmea, yanaubiringisha pamoja na mawe, yanautupa katikati ya shamba la mtu, halafu watu wazima wenye ndevu zao wanasimama mbele yake na kusema, "Basi, mpaka ndio huu"? Ni wapi? Huku kwetu Bwera. Na aliyefanyiwa hivyo ni mimi, Ithungu, mke wa Nobert.

Baba mkwe wangu, Mzee Yafesi, Mungu amrehemu, alikuwa na shamba moja lililoteremka kutoka njiani hadi mto Lhubiriha. Ng'ambo ya mto ni Kongo. Kabla hajafa aliligawa. Kipande cha juu, kinachoanzia kwenye jiwe kubwa la njiani, alimpa mume wangu. Kipande cha chini, kinachoishia mtoni, alimpa Kezironi, mtoto wake mkubwa. Katikati akapanda mstari wa ule mmea wa mpaka, wenye majani marefu, ambao kila mtu huku anaujua. Mmea wenyewe hauna adabu: ukikata kijiti chake ukakitupa popote penye unyevu, baada ya wiki chache kimechipua. Na sheria yake hata mtoto anaijua: haung'olewi. Ukiung'oa, kila mtu atakayeugua katika ukoo kuanzia siku hiyo, wewe ndiye uliyemroga.

Mwezi wa tano mto ulikuja. Nasema ulikuja kwa sababu ndivyo ulivyofanya, ulitoka kwake ukaja kwetu. Kila mtu ana maelezo yake. Redio inasema hali ya hewa imebadilika na theluji ya Rwenzori inakwisha. Mchungaji anasema ni dhambi zetu. Shemeji yangu Kezironi anasema ni wale waliokata miti huko juu kuchoma makaa, na anasema hivyo akiwa amekalia gunia la makaa. Mimi ninachojua ni kwamba maji yalipoondoka, kahawa haikuwepo, migomba haikuwepo, mmea wa mpaka haukuwepo, na kutoka jiwe la njiani hadi ukingo wa maji ulikuwa mchanga na mawe matupu. Usingeweza kusema kwa Kezironi ni wapi na kwetu ni wapi.

Nobert akaenda mjini Kasese kuponda mawe. Mto Nyamwamba nao ulikuwa umefurika huko na kujaza mawe kila mahali, kwa hiyo watu waliopoteza mashamba wakaanza kuyaponda yale yale mawe yaliyowaangamiza, wakiuza kokoto. Maisha hayo, ee Mungu! Mwezi wa sita kipande cha jiwe kilimruka Nobert kikamwingia jicho la kushoto. Aliponiambia kwa simu alisema, "Si kitu, ninaona kidogo." Anaona kidogo! Nikamwambia jicho si mfuko wa sukari kwamba kidogo kinatosha.

Siku hiyo nikaamua kwamba mume wangu atarudi nyumbani. Na njia ilikuwa moja tu, vitunguu. Chini ya ule mchanga mto ulikuwa umeacha udongo mweusi mzuri, kana kwamba umeona aibu. Mimi na binti yangu Masika tulichota mchanga karai kwa karai miezi miwili, tukautupa pembeni. Nyuma ya nyumba nikaotesha kitalu kikubwa cha miche. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu vizuri: tukijaza shamba lote, vitunguu vya msimu mmoja vitatulisha na kutuvusha, na Nobert hana haja tena ya kushika nyundo. Tukijaza nusu, hana budi kurudi kwenye mawe. Hakuna cha katikati hapo.

Ndipo mwezi wa saba ukielekea mwisho, asubuhi moja, Masika akaniita shambani. "Mama, njoo uone."

Vijiti vitatu. Vimechipua katikati kabisa ya shamba langu, kijani, vimenenepa, vimejipanga karibu kwenye mstari. Mmea wa mpaka. Maji yalikuwa yameung'oa huko ulikokuwa na kuuzika chini ya mchanga, na sisi kwa mikono yetu tukaufungulia jua. Hapo ndipo ninapojichukia, maana nilikuwa na jembe mkononi na hakukuwa na mtu. Ningeung'oa mara moja tu, kwisha maneno. Lakini niliogopa. Mimi, mwenye mdomo huu, niliogopa vijiti vitatu. Tena nilipalilia kuvizunguka!

Siku ya pili Kezironi alikuja. Ni mtu mrefu, mwenye miguu mirefu, na sauti yake hutangulia kufika. Siku hiyo hakupiga kelele. Alisimama pale akavitazama vile vijiti muda mrefu, akavua kofia.

"Shemeji," akaniambia, "mpaka umerudi."

"Umerudi kutoka wapi?" nikamwuliza. "Ulikuwa umeenda harusini?"

"Kutoka hapa kushuka mtoni ni kwangu. Juu ni kwenu. Baba ametuonyesha."

"Baba amelala makaburini, shemeji. Huu umeletwa na maji."

"Na maji yameletwa na nani?"

Sasa utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Kosmasi. Kosmasi ni mtu wa ukoo wa mume wangu pia, na hapendi ugomvi, maana ugomvi humtoa kwenye kiti. Alikuja na wazee wanne, wakauzunguka mmea, wakakohoa. Mimi nikaanza kueleza. Kosmasi akanyanyua mkono.

"Mama Masika, mambo ya mpaka husemwa na waliozaliwa kwenye ukoo. Wewe umeolewa. Nobert yuko wapi?"

"Anaponda mawe Kasese ili mpate kumnyamazisha mke wake."

"Basi akija tutamsikiliza. Kwa sasa mmea umesimama, na mmea wa mpaka hauulizwi maswali."

Hauulizwi maswali! Wakaondoka. Wiki ikapita, ya pili, ya tano. Kila nikimpigia Nobert ananiambia, "Tulia, nitakuja." Nikimwambia kaka yako anatunyang'anya ardhi, anasema, "Yule ni kaka yangu." Kwani nimesema ni shangazi yako? Na huku nyuma ya nyumba miche ilikuwa imefika. Mche wa kitunguu haungoji kikao. Ukipita wakati wake kwenye kitalu unakuwa mgumu, ukiuhamisha unatoa maua badala ya kitunguu, na maua hayaliwi. Mwezi wa nane unakwisha nilikuwa na wiki moja, si zaidi. Nikambana Kosmasi hadi akakubali kuita kikao Jumatano, Nobert akiwepo.

Jumatatu nikaenda barabarani nikamngoja Muniru anifikishe Kasese kwa Nobert. Muniru ni mfanyabiashara, Mwislamu mpole, mwenye lori la Fuso linalobeba vitunguu na samaki wa Kahendero kule ziwani, na stoo yake iko huku chini kuelekea soko la Mpondwe, kando ya mto huu huu. Ndiye anayenunua vitunguu vya nusu ya kijiji chetu. Alinipandisha mbele, tukaondoka. Tangu Bwera hadi Kinyamaseke nilikuwa nikisema mimi tu. Kinyamaseke alisimama kuangalia tairi, akarudi, akafunga mlango, na kwa Kiswahili chake cha mpakani akasema kitu ambacho kama angekisema mapema ningeokoa mate yangu.

"Mama Masika, hiyo majani unasemea, ile ya murefu? Hata kwangu iko."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya choo. Miti mbili. Mimi sikupanda, wallahi. Maji ilileta. Na Mwenyekiti Kosmasi pia iko nayo kwa migomba yake, niliona siku nilienda kununua ndizi."

Nilimgeukia. "Kosmasi ana mmea wa mpaka katikati ya migomba yake?"

"Katikati kabisa. Alifunikia na majani ya ndizi."

Nilicheka hadi nikatokwa na machozi, halafu yale machozi yakawa ya hasira. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wiki tano mtu huyu ananiambia mmea hauulizwi maswali, na wake ameufunika asiulizwe yeye. Nikamwomba Muniru aje kikaoni. Akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mimi siko mutu ya kuingia maneno ya ukoo wenu."

"Huingii maneno ya ukoo. Unakuja kueleza choo chako."

Nobert nilimkuta mtoni Nyamwamba, ameketi chini ya kipande cha turubai na nyundo yake, mweupe kwa vumbi hadi nyusi. Jicho lilikuwa jekundu. Nilikuwa nimepanga kumgombeza tangu Bwera, lakini nilipoliona lile jicho niliahirisha. Nikakaa kwenye rundo la kokoto. Akanipa maji ya kunywa.

"Unakuja nyumbani leo," nikamwambia. "Jumatano kuna kikao. Simama useme shamba ni letu, basi. Sentensi moja. Nyingine zote nitakuandalia mimi."

"Ithungu, tumwachie."

"Tumwachie nini?"

"Ile sehemu. Kaka ana watoto wanane, anamtunza na mama."

"Na wewe una macho mangapi? Moja na nusu! Nikimwachia, utarudi hapa kulipoteza hilo lililobaki. Una mke na mtoto, Nobert, au umesahau ulitutoa wapi?"

Alinitazama kwa jicho lile zima, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, akaufunga. Mume wangu ni mzuri sana wa kufunga mdomo. Tumeoana miaka kumi na minne na bado sijui anaweka wapi maneno yote anayoyameza. Aliinuka, akamwachia jirani nyundo, tukarudi na Muniru jioni ile ile.

Jumatano kikao kilikaa palepale shambani. Kosmasi na wazee wanne kwenye benchi, Kezironi amesimama, mikono kifuani. Mama mkwe wangu, Tabisa, aliletwa na wajukuu akaketishwa kwenye jiwe la njiani na ungo wa maharage, maana hakai bure. Anaishi kwa Kezironi. Magoti yake ni mabovu, hajafika mtoni tangu Krismasi, na masikio yake husikia yanachotaka.

Kosmasi alifungua kwa maombi, akamwita Nobert aseme. Nobert akasimama. Nilimwandalia maneno usiku kucha. Akasema, "Mimi sina mengi," akakaa.

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Au immeze yeye, ingefaa zaidi.

"Basi," Kosmasi akasema kwa furaha, "kama Nobert hana mengi, mmea umesimama, na mmea wa mpaka..."

"Mwenyekiti," nikasema, "Muniru ana shida ya mpaka. Yeye ni mwanamume, mwacheni aseme."

Muniru akavua kofia yake, akaivaa tena. "Mimi naomba tu kuuliza. Hii majani ilifika kwangu pia. Iko nyuma ya choo, miti mbili. Sasa nataka kujua, kama mpaka ya ukoo wenu imefika kwa choo yangu, choo iko ya nani? Watu iko naingia kila siku. Nianze kuomba ruhusa kwa Kezironi?"

Wazee wawili waliangua kicheko. Kosmasi hakucheka, na mimi nilijua kwa nini.

"Na ule mmea ulio kwenye migomba yako, Mwenyekiti?" nikauliza. "Ule ulioufunika kwa majani. Upande wa chini ni wa nani sasa? Jirani yako ameshaambiwa kwamba amepata migomba?"

Kosmasi alitazama viatu vyake. Mzee mmoja akasema, "Kosmasi, ni kweli?" na Kosmasi akasema ni kweli kwamba kuna kijiti, lakini kijiti chenyewe ni kidogo. Hapo hata Masika alicheka, na sikumkataza.

"Haya," Kosmasi akasema, amekasirika sasa. "Haya! Tuseme mmea umeletwa na maji. Mpaka wa kweli tutaujuaje? Aliyeuweka amekufa."

"Aliyepanda yupo," akasema Tabisa kutoka kwenye jiwe.

Wote tukageuka. Alikuwa bado anachambua maharage.

"Yafesi alihesabu hatua, mimi nilifuata na kikapu nikichomeka vijiti. Yeye alikuwa na miguu tu. Mgongo ulikuwa wangu."

"Mama," Kosmasi akaanza, "wewe nawe umeolewa hapa..."

"Nimeolewa hapa kabla mama yako hajakuzaa, na nilimsaidia kukuzaa, ukatoka umeziba masikio hivyo hivyo. Hatua arobaini kutoka jiwe hili. Hapo ndipo mpaka. Kutoka mpaka, arobaini nyingine hadi mtoni. Arobaini kwa huyu, arobaini kwa yule. Yafesi hakupendelea mtoto."

Arobaini. Kutoka lile jiwe hadi vile vijiti vitatu hazikuwa hata ishirini. Nilikuwa nimeshinda, na nilimtazama Kezironi ili aone kwamba ninamtazama.

"Nani apime?" mzee mmoja akauliza. "Hatua za watu si sawa."

"Miguu ya Yafesi anayo huyu," Tabisa akasema, akimnyooshea Kezironi kidole. "Apime yeye."

"Mguu unaniuma," Kezironi akasema.

Eti mguu unamuuma! Jana alibeba gunia la makaa hadi Mpondwe. Nikasema hivyo, kwa sauti. Nobert akanishika mkono, akaniambia polepole, "Ithungu, tuishie hapa. Nakuomba." Nikauondoa mkono wake. Miezi miwili ya karai na wiki tano za kunyamazishwa, na sasa nimefika mlangoni ndipo niambiwe tuishie hapa?

"Apime," nikasema.

Kezironi alikwenda kwenye jiwe. Aliweka kisigino pale karibu na mguu wa mama yake, akaanza kushuka, na sisi tukamfuata tukihesabu. Moja, mbili, tatu. Alitembea vizuri, hakudanganya hata hatua moja, hilo nitamshuhudia hadi mbinguni. Kwenye hatua ya kumi na sita alipita vile vijiti bila kuvitazama. Ishirini. Watu walikuwa wanahesabu kwa sauti, mimi juu kuliko wote. Thelathini. Thelathini na moja, thelathini na mbili.

Thelathini na tatu ilikuwa ukingo wa maji.

Nilinyamaza. Wengine nao wakanyamaza, mmoja mmoja. Kezironi hakusimama. Aliingia mtoni na viatu vyake, akihesabu peke yake sasa, thelathini na nne, thelathini na tano, maji yakafika magotini, thelathini na saba, yakafika mapajani, na yeye anashindana nayo ili hatua isiwe fupi. Alipofika arobaini akageuka akatutazama. Suruali yake ilikuwa imejaa maji.

"Hapa," akasema. "Kwangu kunaanzia hapa."

Nilitazama nyuma yake. Palikuwa na mto, halafu mawe, halafu Kongo. Shamba lote la Kezironi, hatua zote arobaini, kahawa ya baba yake na migomba ya watoto wanane, mto ulikuwa umehama mahali pake na kulala juu yake, na sehemu iliyobaki imehamia Kongo bila karatasi. Hakupoteza kipande tu. Hakuwa na kitu. Na alijua. Alijua ile siku alipovua kofia mbele ya vijiti, ndiyo maana hakupiga kelele.

Kule juu Tabisa aliuliza, "Imefika? Imefika wapi?" Akainuka mwenyewe, na magoti yale, maharage yakamwagika, akamwona mwanawe amesimama ndani ya maji. Akajifunika mdomo kwa kanga.

Nilimgeukia mume wangu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano. Nilipima kabla sijaenda Kasese. Kaka aliniomba nisiseme, kwa sababu ya mama."

"Na mimi? Mimi hukuniambia!"

"Ungesema."

"Bila shaka ningesema! Mungu alinipa mdomo wa nini, wa kupulizia moto? Nimemtukana mtu huyu wiki tano! Nimempeleka mbele ya kijiji kizima akapime umaskini wake kwa miguu yake mwenyewe, na wewe umekaa hapo na sentensi moja tumboni!" Nilikuwa nalia, na niliona hasira zaidi kwa kuwa nalia. "Nyinyi watu! Nyinyi na siri zenu, nyinyi na mimea yenu! Nendeni mkamtoe huyo mtu majini kabla hajashikwa na nimonia, halafu mseme ni mimi niliyemroga!"

Nobert na Muniru waliingia kumtoa. Kosmasi akakohoa, akasema basi jambo limekuwa wazi, kutoka jiwe la njiani hadi majini ni kwa Nobert, kikao kinamshukuru Mungu. Akawa anatafuta fimbo yake aondoke. Tabisa alikuwa ameshuka hadi kwenye vile vijiti vitatu, ameshikilia mabega ya wajukuu wawili. Aliinama akashika kijiti cha kwanza shingoni.

"Mimi niliupanda," akaniambia, si Kosmasi, mimi. "Mimi nikiung'oa, hakuna atakayesema neno. Niung'oe?"

Sasa nikuulize wewe. Ungesema nini? Nilikuwa nimeshinda. Mwenyekiti ametamka, wazee wamesikia, hatua thelathini na tatu zote zangu, miche yote ingeingia, na mume wangu angebaki nyumbani na jicho lake. Ardhi nilikuwa nayo mkononi. Nilimtazama Nobert, amemshika kaka yake kiunoni, wote wawili wanachuruzika maji, na jicho lile jekundu linanitazama. Hakuniomba kitu. Ningependa angeniomba, ili nipate mtu wa kumlaumu.

"Uache," nikasema.

"Nini?"

Masikio yake, nimekwambia. Nikasema kwa nguvu, na kijiji chote kikasikia. "Uache, Mama! Uache hapo ulipo!"

Kezironi akaanza kusema, "Shemeji, mimi..."

"Usinishukuru. Ukinishukuru nitabadili mawazo. Kalete jembe. Miche ninayo mingi kuliko shamba sasa, itakufia mikononi usipoipanda leo."

Basi tukapanda. Sisi juu ya vijiti, yeye na watoto wake chini ya vijiti, hadi giza likatuondoa. Si kwamba nimekuwa mtakatifu. Kila mche niliompa niliuhesabu, na nilimwambia jinsi ya kuupanda zaidi ya mara ishirini, maana mtu wa makaa anajua nini kuhusu vitunguu.

Jumapili baada ya kanisa Nobert alipanda lori la Muniru akarudi Kasese kwenye mawe. Nusu ya shamba haitoshi, nilikwisha kukwambia, hakuna cha katikati. Nilimfungia mihogo na miwani ya plastiki ya kuzuia vipande vya mawe ambayo Muniru aliitafuta Mpondwe, nikamwambia asipoivaa nitakuja mwenyewe kumvalisha mbele ya wenzake. Akasema ataivaa. Lori lilipoondoka nilishuka shambani kumwagilia.

Nikapima tena peke yangu, kwa miguu yangu, kwa sababu sikuridhika. Kutoka jiwe la njiani hadi vijiti, na kutoka vijiti hadi majini. Hatua zangu ni fupi, lakini jibu ni lile lile: kwa hatua za Mzee Yafesi ni kumi na sita kwetu, kumi na saba kwa Kezironi. Kumi na saba! Nimempa mtu nusu ya shamba na akapata hatua moja zaidi. Hadi leo inaniuma.